Kete 64 na Sufuria ya Mwani: Namna ya Kuanza Umakanika wa Takwimu

Swali niliulizwa Micheweni, Pemba, na mama mmoja mkulima aliyekuwa akianika mwani juu ya makuti. "Maalim," aliniambia, "mwani huu nikiuchemsha nikauchuja, unakuwa uji. Ukipoa unaganda. Nikiurudisha motoni unakuwa uji tena, na ukipoa unaganda tena. Yai halifanyi hivyo, likishaiva limeiva. Kwa nini?"

Siku ile nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba ukipoa, molekuli zake hushikana. Ni kweli, lakini si jibu. Molekuli ni zile zile na maji ni yale yale, basi kwa nini zishikane kwenye baridi na ziachane kwenye moto? Jibu lenyewe limo katika tawi la fizikia liitwalo umakanika wa takwimu, elimu ya kuhesabu kwa pamoja vitu vingi mno ambavyo huwezi kuvifuata kimoja kimoja. Tawi hilo hilo ndilo linalotumika kuchunguza DNA, protini, utando wa seli na chembe zenye upana wa nanomita chache. Nanomita 1 ni milimita 1 iliyogawanywa mara milioni.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mwanafunzi wa kidato cha tano na sita, wa mwaka wa kwanza chuoni, na mwalimu mwenzangu ambaye skuli yake haina maabara kubwa. Uwe unaijua logi na uwe na subira. Vifaa ni hivi: bao na kete zake 64, mwani mkavu, sufuria, kipimajoto cha maabara, gololi ndogo za baiskeli, hadubini ya skuli, maziwa kidogo, na kompyuta yoyote inayoendesha Python, lugha ya kuandikia programu, hata iwe kuukuu.

Hatua ya 1: Itazame mada yenyewe kabla ya hesabu

Wanafunzi wengi huanza na milinganyo, na wengi hukata tamaa hapo hapo. Wewe anza jikoni.

Tafuta mwani wa aina mbili, kotonii na spinosamu. Kilimo cha kibiashara cha mwani kilianza mashariki ya Unguja mwaka 1989, na leo ni kazi ya maelfu ya watu, wengi wao wanawake, huku Pemba ikitoa sehemu kubwa ya mavuno. Spinosamu ndiyo imeenea. Kotonii ina bei nzuri zaidi lakini haistahimili maji yakizidi joto, kwa hiyo huenda ukalazimika kuulizia.

Osha mwani mpaka chumvi na mchanga viishe. Chukua gramu 30 za kila aina, uzichemshe mbalimbali katika nusu lita ya maji, moto mdogo, kwa muda wa saa moja hivi mpaka zilainike, kisha chuja kwa kitambaa. Ute uliopata una karageni, mnyororo mrefu wa sukari. Kotonii hutoa karageni ya aina ya kapa, spinosamu hutoa ya aina ya iota. Tofauti yake ni ndogo lakini ina uzito: kwa kila jozi ya sukari, kapa ina kundi moja la salfeti, iota ina mawili. Salfeti hubeba chaji hasi, na chaji za namna moja husukumana.

Mimina ute wa kotonii katika glasi tatu ukiwa bado moto, na ute wa spinosamu katika glasi ya nne. Ya kwanza iache kama ilivyo. Ya pili tia chumvi ya kawaida, nusu kijiko cha chai. Ya tatu tia kiasi hicho hicho cha kloridi ya potasiamu kutoka maabara ya skuli. Ute huu sasa ni wa majaribio, usiuonje. Inamisha glasi kila halijoto ikishuka nyuzi 2 na uandike ni wakati gani ute umeacha kufuata glasi. Yenye potasiamu itakuwa ngumu kuliko zenzake. Kisha weka gololi juu ya kila ute ulioganda, pasha moto polepole ndani ya sufuria ya maji, na uandike halijoto ambapo gololi inazama.

Una namba mbili kwa kila glasi, ya kuganda na ya kuyeyuka. Kwa kotonii yenye potasiamu hazitalingana, na ya kuyeyuka itakuwa juu zaidi. Zitunze, kwani mwishoni tutazihitaji.

Hatua ya 2: Cheza bao lisilo na mshindi

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na nakuomba usiiruke hata kama unaona unajua.

Panga bao kama la kujifunza: mashimo 32, kila shimo kete 2. Andika namba 1 mpaka 32 kwenye vikaratasi na uvitie ndani ya kofia. Toa kikaratasi kimoja, kirudishe, toa cha pili. Kama shimo la kwanza lina kete, hamisha kete moja kwenda shimo la pili. Kama ni tupu, usifanye kitu. Rudia. Mwenzako mmoja atoe vikaratasi, mwingine ahamishe. Fanyeni mara 500, na mkiweza 1,000 ni bora zaidi. Inachosha, lakini mkifika mia ya tatu mtaanza kuliona jambo lenyewe.

Mlianza kwa usawa kamili, na sheria haikumpendelea yeyote. Ungetarajia usawa ubaki. Haubaki. Ukihesabu mwishoni utakuta mashimo kama 10 ni matupu, kama 7 yana kete moja, kama 5 yana mbili, kama 3 yana tatu, mawili yana nne, na hivyo hivyo mpaka shimo moja hivi lenye kete 8 au zaidi. Namba zako zitacheza juu na chini, lakini umbo ni hilo: kila ukipanda kete moja, idadi ya mashimo inabaki kama theluthi mbili ya ile ya nyuma yake.

Hakuna aliyesukuma kete ziwe hivyo. Sababu ni hesabu ya mipangilio. Njia za kugawa kete 64 katika mashimo 32 ni nyingi mno, takriban 1 ikifuatiwa na sifuri 25, na sheria yetu inaipa kila njia nafasi sawa. Ule mpangilio wa mbili mbili ni mmoja tu kati ya zote hizo. Na shimo moja likijirundikia kete 9, mashimo 31 yaliyobaki yana kete 55 tu za kujipangia, kwa hiyo njia zao zinapungua. Kila kete ya ziada hupunguza njia za wengine kwa uwiano karibu ule ule, ndiyo maana tukapata theluthi mbili, kisha theluthi mbili ya hiyo, na kuendelea.

Sasa badilisha majina. Shimo liite molekuli. Kete iite kipande cha nishati. Ulichokipata ni kanuni ya Boltzmann: nafasi ya molekuli kuwa na nishati E inapungua kwa kiasi cha e kwa kipeo cha −E/kT, ambapo T ni halijoto katika kelvini na k ni namba isiyobadilika. Katika bao letu, uwiano wa theluthi mbili unamaanisha kT ni sawa na vipande vya nishati 2.47. Yaani umelipima joto la bao. Rudia mchezo kwa kete 32 na utaona bao limepoa: mashimo matupu yamekuwa nusu, na uwiano umeshuka kutoka theluthi mbili hadi nusu.

Ludwig Boltzmann alifariki mwaka 1906 huko Duino, karibu na mji wa Trieste nchini Italia, na kaburi lake lipo Vienna likiwa limechongwa S = k log W: entropi ni logi ya idadi ya mipangilio. Hugusa moyo wangu kwamba katika Trieste hiyo hiyo, mwaka 1964, Abdus Salam wa Pakistani alianzisha kituo cha ICTP kwa ajili ya wanafizikia wa nchi kama zetu. Kina masomo ya stashahada ya uzamili kwa wahitimu kutoka nchi zinazoendelea. Mwanafunzi wa Wete au Tunguu anayemaliza shahada ajue kwamba mlango huo upo.

Hatua ya 3: Jifunze kupima kila kitu kwa kT

Halijoto ya 27 °C, ambayo ni ya siku ya kawaida kwetu, ni kelvini 300. Hapo kT ni jouli 4.14 × 10⁻²¹. Usiikariri kama namba tu, ifanye kuwa kibaba chako. Hali inayogharimu nishati ya kT 1 zaidi ya nyingine hupatikana mara 37 kwa kila mara 100 za ile ya chini. Ikigharimu kT 5, ni mara 7 kwa 1,000. Ikigharimu kT 10, ni mara 45 kwa milioni.

Kifungo cha kaboni kwa kaboni ndani ya mnyororo wa karageni ni zaidi ya kT 100, kwa hiyo jiko lako halikivunji kwa mtikisiko wa joto peke yake. Lakini vifungo vinavyoshikilia msokoto mmoja wa minyororo iliyojipota na mwingine ni vya kT chache tu. Ndiyo maana ulimwengu wa nanomita ni laini: vitu vyake vinafungika na kufunguka kwa joto la kawaida la mwili na la bahari.

Hapa pana fumbo, na ndilo uti wa mgongo wa mwongozo huu. Maji yanayochemka ni kelvini 373. Ukilinganisha na 300, kT imeongezeka chini kidogo ya robo. Robo tu! Inawezekanaje nyongeza ndogo hivyo igeuze kitu kigumu kikawa uji?

Hatua ya 4: Hakikisha kwamba k ipo kweli

Kabla ya fumbo, simama kidogo uione kT kwa macho. Tia tone moja la maziwa katika glasi ya maji, chukua tone la mchanganyiko huo, liweke chini ya hadubini kwa ukuzaji wa mara 400. Vitone vya mafuta vitakuwa vinatetemeka bila kukoma. Mtikisiko huu aliuchunguza Robert Brown mwaka 1827 katika chembe zitokazo kwenye chavua, Einstein akautolea hesabu mwaka 1905, na Jean Perrin akaupima kwa uangalifu hata akapata tuzo ya Nobel mwaka 1926.

Ziba kingo za kioo cha juu kwa mafuta ya mgando. Mara ya kwanza mimi sikuziba, maji yakawa yanakauka pembeni, na vitone vyote vikaenda upande mmoja kama ngalawa kwenye kusi. Data ya siku nzima ikawa haifai. Rikodi kwa kamera ya simu, chagua kitone chenye nusu kipenyo cha mikromita 0.5, na upime kimehama umbali gani kila sekunde 10. Kwa 27 °C tarajia mikromita 4 hadi 5 ukichukua mzizi wa wastani wa miraba ya angalau vipimo 50. Kutoka hapo unarudi nyuma kupata k, kwa kuwa wastani wa miraba hiyo ni 4Dt, t ikiwa ni muda, na D ni kT ikigawanywa kwa 6π, mnato wa maji na nusu kipenyo. Ukipata jibu lililokosea kwa asilimia 20 umefanya vizuri. Kosa kubwa litatoka kwenye kupima ukubwa wa kitone.

Hatua ya 5: Mnyororo uliolegea

Rusha shilingi mara 100. Kichwa, nenda hatua moja kulia. Mwenge, hatua moja kushoto. Ukirudia mara nyingi utakuta kwa kawaida unaishia kama hatua 10 kutoka ulipoanza, yaani mzizi wa 100. Molekuli ndefu iliyolegea hufanya hivyo hivyo. DNA ya kirusi kiitwacho lamda ina urefu wa mikromita 16.5 ukiinyoosha, na inapinda kwa vipande vya nanomita 100. Ni vipande 165, kwa hiyo ndani ya maji ncha zake hukaa umbali wa takriban nanomita 100 mara mzizi wa 165, yaani mikromita 1.3. Hakuna kinachoikunja ila wingi wa njia za kukunjika.

Hatua ya 6: Tengeneza kielelezo cha msokoto

Umewahi kumwona mtu akipota kamba ya usumba? Nyuzi zikiwa hazijapotwa, kila moja inalala itakavyo. Zikipotwa, zinashikana lakini zinapoteza uhuru huo. Karageni ikipoa hujipota pia, minyororo miwili kwa pamoja. Tuirahisishe: chora mstari wa viungo, kila kiungo ama kimesokotwa ama kimelegea.

Kiungo kikisokotwa kinapata nafuu ya nishati, tuiite ε. Kikilegea kinapata njia nyingi za kukaa, tuseme 20. Uzito wa kusokotwa, yaani nafasi yake ya kutokea, ukilinganisha na wa kulegea ni s = e^(ε/kT) gawanya kwa 20. Chagua ε ili s iwe 1 kwenye 40 °C. Namba 20 na 40 nimezichagua kwa ajili ya zoezi, si vipimo vya karageni.

Piga hesabu. Kwenye 27 °C, s ni 1.14. Kama kila kiungo kinajiamulia peke yake, sehemu iliyosokotwa ni s/(1+s), sawa na asilimia 53. Kwenye 60 °C, s ni 0.835 na sehemu ni asilimia 46. Hilo haligandi wala haliyeyuki! Kutoka 53 hadi 46 hakuna mpishi atakayeona tofauti. Fumbo letu limesimama palepale.

Sasa ongeza jambo moja ambalo mpota kamba yeyote anakuambia: kuanza ndiko kugumu. Kiungo cha kwanza kusokotwa katikati ya vilivyolegea kinapoteza uhuru bila kupata jirani wa kushikana naye. Basi kila kipande cha msokoto kilipe ada ya kuanza, uzito uitwao sigma, σ. Weka σ = 0.001. Bruno Zimm na J. K. Bragg walichapisha hesabu ya namna hii mwaka 1959, na kwa mnyororo mrefu sehemu iliyosokotwa ni:

½ × [1 + (s − 1) / √((s − 1)² + 4σs)]

Tia namba zile zile. Kwenye 27 °C unapata asilimia 95. Kwenye 60 °C unapata asilimia 3.

Soma tena mstari huo taratibu. Nishati haijabadilika, joto halijabadilika, ila viungo vimeanza kutegemeana, na badiliko dogo la kT limekuwa badiliko la kila kitu. Mimi nilipolipata jibu hili kwa mara ya kwanza kwa mkono wangu mwenyewe niliweka kalamu chini. Hivi ndivyo DNA inavyofunguka, ndivyo protini nyingi zinavyokunjuka, na ndivyo ute wa mwani unavyoanza kuganda.

Hatua ya 7: Ipe kompyuta bao lako

Mlinganyo ule upo kwa sababu kielelezo ni chepesi. Kikizidi ugumu hapatikani wa kukitatua kwa kalamu, na hapo ndipo njia ya Metropolis inapohitajika. Ilichapishwa mwaka 1953 na watu watano, Arianna Rosenbluth akiwa ndiye aliyeandika programu yenyewe. Kwa maneno ni hivi:

1. Tengeneza orodha ya viungo 500, 0 kwa kilicholegea na 1 kwa kilichosokotwa. Unganisha cha mwisho na cha kwanza ili pasiwe na ncha.
2. Chagua kiungo kimoja kwa bahati nasibu, ujaribu kukigeuza.
3. Tafuta uwiano wa uzito mpya kwa wa zamani. Uzito ni s iliyozidishwa kwa yenyewe mara nyingi kama idadi ya 1, kisha ikazidishwa kwa σ mara nyingi kama idadi ya vipande vya misokoto. Unahitaji kutazama majirani wawili tu.
4. Chota namba ya bahati nasibu kati ya 0 na 1. Ikiwa ndogo kuliko uwiano, kubali. La sivyo, rudisha kama ilivyokuwa, na hali hiyo ya zamani uihesabu tena.
5. Rudia mara milioni 5. Tupa sehemu ya tano ya mwanzo, kwani bado ina kumbukumbu ya ulipoanzia.

Mtihani wa programu ni huu: kwenye s = 1, nusu ya viungo iwe imesokotwa na vipande viwe na wastani wa viungo 33 hivi. Endesha mara moja ukianzia zote 0, mara nyingine ukianzia zote 1. Majibu yasipokutana, hujaendesha vya kutosha. Usichore grafu yoyote kabla ya kufaulu hapo.

Ukishazoea, zipo programu za bure kama LAMMPS na GROMACS zinazofuata atomi kwa maelfu. Usizikimbilie. Nimeona vijana wakitoa picha za kupendeza za molekuli zinazocheza, ukiwauliza kT ni ngapi wanainama.

Hatua ya 8: Rudi jikoni na namba zako

Toa daftari. Kielelezo chetu kinasema kuganda na kuyeyuka vitokee kwenye halijoto moja, kwa kuwa mnyororo mmoja wa namna hii hauna kumbukumbu ya ulikotoka. Gololi yako ilisema vingine kwa kotonii. Amini gololi.

Kilichokosekana ni kwamba misokoto ya kapa, chaji zake zikitulizwa na potasiamu, hulaliana ubavu kwa ubavu na kufanya matita. Kufungua tita kunahitaji joto zaidi ya lile lililolifunga. Iota ina salfeti mbili, misokoto yake inasukumana zaidi, kwa hiyo ute wake ni laini na halijoto zake mbili hukaribiana sana. Linganisha na glasi ya spinosamu uone mwenyewe. Na yai? Protini zake zikikunjuka hunasana ovyo na hata kufunga vifungo vipya vya salfa kwa salfa, vigumu kuliko vile ambavyo kT ya jikoni inaweza kufungua. Hilo ndilo jibu niliporudi Micheweni nilimpelekea yule mama, na akaniuliza swali zuri zaidi: kwa nini basi spinosamu haisimami kama kotonii, na bei yake iko chini?

Ili kulijibu kwa hesabu, weka minyororo 20 sambamba kwenye programu. Kila viungo viwili vya minyororo jirani vinavyotazamana vikiwa vyote vimesokotwa, zidisha uzito kwa 1.05. Halijoto ya kati, yaani ile ambapo nusu ya viungo imesokotwa, itapanda, na hilo lisikushangaze. Pasha polepole kutoka 20 °C hadi 80 °C, kisha poza kwa mwendo ule ule, uchore mistari miwili kwenye karatasi moja. Panda hadi 1.1, kisha 1.2. Mistari ikianza kuachana, pima upana wa mwanya na uuandike kando ya namba za gololi, glasi ya kotonii safu moja, ya spinosamu safu nyingine.